Nyumba Isiyo na Fundi

Niliwahi kutunga shairi nililojivunia kwa miaka kumi na miwili, kisha nikalionea haya kwa muda wa dakika moja. Nililitunga mwaka 1991, umri wangu ukiwa miaka ishirini na ushei. Lilikuwa na beti kumi na nane, vina vyake vimekaa, mizani haikupungua wala kuzidi, nalo lilihusu ukimwi. Kama watunzi wengi wa mwambao wa wakati ule, niliuita ugonjwa huo fimbo, na kibwagizo changu kilirudi palepale kila ubeti: aliyechapwa amejitakia mwenyewe. Lilisomwa katika hafla mbili tatu hapa kisiwani, watu wakatikisa vichwa kwa kuridhia, nami nikaona nimetimiza wajibu wa mshairi.

Mwaka 2003 nilisafiri kwenda Kagera. Nilipanda meli ya MV Victoria usiku pale Mwanza, tukapambazukiwa Bukoba. Kutoka hapo nilichukua gari la abiria lililoelekea kusini hadi wilaya ya Muleba, nikafika Kagoma, alikoishi mwalimu mmoja mstaafu tuliyekuwa tukiandikiana barua kwa ajili ya mapenzi yetu ya ushairi. Jina la mahali pale lilikuwa limenipendeza kabla sijafika. Katika lugha za huko engoma ni ngoma, na ka- ni kiambishi cha udogo. Sikio langu likasikia kingoma. Nilikuta nyumba zilizozingirwa na migomba, na chini ya migomba mibuni na maharage. Shamba hilo la nyumbani Wahaya huliita kibanja. Humo hupatikana chakula, na humo pia huzikwa watu wa nyumba hiyo.

Jioni mwenyeji wangu alinitaka nisome chochote. Nikasoma shairi langu la fimbo. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Bwana mshairi, hebu tutembee.” Tukaenda nyuma ya nyumba. Akanionyesha makaburi matatu yaliyofuatana. “Huyu ni mdogo wangu. Huyu ni mkewe, ambaye hakumjua mwanamume mwingine. Na huyu ni mtoto wao, alifariki akiwa na miaka miwili. Sasa nieleze wewe unayejua maneno. Huyu mtoto fimbo ilimchapa kwa kosa gani?”

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jibu lililochelewa zaidi ya miaka ishirini, na limenijia kwa njia ya pembeni, yaani kwa kazi ya tafsiri. Mwaka 2024 niliombwa kutia katika Kiswahili maelezo ya dawa mpya inayozuia virusi vya ukimwi, na humo nikakutana na habari za ganda la virusi. Sikusoma sayansi darasani. Nilichokijua kuhusu virusi kingejaa katika kisoda. Lakini mfasiri hawezi kutafsiri asichokielewa, kwa hiyo nilikaa miezi kadhaa nikisoma na kuuliza. Nilichokipata kilinirudisha Kagoma.

Tuanze na tarehe. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Mwaka huohuo, huko Paris, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wa Taasisi ya Pasteur walitangaza kuwa wamekiona kirusi ambacho baadaye kilithibitika kuwa ndicho chanzo chake. Wa Paris walikuwa na darubini za elektroni. Wa Muleba walikuwa na wagonjwa wanaokonda na kufa bila ya mtu kujua sababu. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo ya fasheni iliyoingizwa na wafanya magendo wa mpakani katika miaka iliyofuata vita vya 1978 na 1979. Walioivaa walikuwa vijana wenye fedha, nao ndio walioanza kuanguka. Watu wakadhani nguo ndiyo iliyobeba mauti. Wengine walisema ni uchawi wa aliyedhulumiwa katika biashara. Sisi wa pwani tulisema ni fimbo. Naona sasa kuwa sote tulikuwa tukifanya jambo moja: tulikuwa tukitafuta mwenye nia.

Mwaka 1987 watafiti walipima watu wazima wa mkoa huo. Katika mji wa Bukoba walikuta asilimia 24.2 wana virusi, yaani takriban mmoja kati ya kila wanne. Mwaka 1996 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13.3. Kushuka huko kuna sababu mbili zilizochanganyika: watu walibadili mienendo, na watu wengi walikuwa wamekwisha kufa. Takwimu moja hubeba busara na msiba pamoja.

Sasa tukitazame kirusi chenyewe. Si kiumbe chenye kula wala kupumua. Ni waraka mfupi wa urithi uliofungwa ndani ya ganda la protini, na vingine, kikiwamo cha ukimwi, huvaa juu yake utando wa mafuta ulioibwa kutoka katika seli. Waraka wa kirusi cha ukimwi una herufi zipatazo 9,700 tu, ilhali wa binadamu una takriban bilioni tatu. Katika waraka mfupi kama huo hakuna nafasi ya kuandika michoro ya matofali mia ya namna mbalimbali. Mwaka 1956 Francis Crick na James Watson, walewale wa ngazi pacha ya urithi, walitoa hoja iliyotokana na ufukara huo. Walisema kirusi kidogo hakina budi kulijenga ganda lake kwa tofali lilelile likirudiwa mara nyingi, na kwa sababu hiyo ganda lazima liwe na umbo la ulinganifu. Msomaji wa mashairi hatashangaa. Mtunzi wa tarbia naye ana kipimo kimoja kifupi, mizani nane kwa nane, na kwa kukirudia hukamilisha utenzi wa beti mia bila ya kubuni kipimo kipya.

Lakini ubeti una mtunzi. Nani huyapanga matofali ya kirusi? Jibu lilikuwa limekwisha kuonekana mwaka uliotangulia. Mwaka 1955, huko Berkeley katika Marekani, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walichukua kirusi kinachounguza majani ya tumbaku, wakazitenga protini zake na waraka wake, kila kimoja katika chombo chake. Kisha walivichanganya tena katika maji yenye chumvi na uchachu unaofaa. Virusi vilijiunda upya, vijiti vyenye urefu wa nanomita 300, kila kimoja kikiwa na protini 2,130 zilizojipanga kama ngazi ya kuzunguka, navyo viliweza tena kuambukiza majani. Hapakuwa na seli ndani ya chombo kile. Palikuwa na maji, chumvi na joto la kawaida.

Hapa ndipo fizikia inapoingia, na nitaieleza kama nilivyoielewa. Ndani ya maji hakuna kinachotulia. Molekuli za maji hugongana bila kikomo kwa sababu ya joto, na kila protini iliyomo husukumwa huku na huku kama kifuu katika mkondo. Uso wa protini haufanani kila mahali. Kuna sehemu zinazoyakimbia maji kama mafuta yanavyoyakimbia, na kuna sehemu zenye chaji ya umeme, chanya hapa, hasi pale. Protini mbili zikikutana kwa upande usiofaa, huachana. Zikikutana kwa upande unaofaa, sehemu zikimbiazo maji hujificha kifuani mwa mwenzake, chaji zinazovutana hukaribiana, nazo hushikamana.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kuwa mshiko huo ni dhaifu, na lazima uwe dhaifu. Mshiko mmoja peke yake huweza kuachia kwa msukosuko wa joto tu. Ungekuwa na nguvu sana, tofali lililokaa vibaya lingebaki hapohapo daima, na ganda lote lingekwenda kombo. Kwa kuwa ni dhaifu, aliyekaa vibaya hung'oka na kupisha, na aliyekaa vizuri hushikwa na majirani wengi kwa pamoja akabaki. Haba na haba hujaza kibaba: mishiko mia iliyo dhaifu hufanya ganda imara. Pia lazima protini ziwe nyingi za kutosha. Zikiwa chache, huranda majini bila kuungana. Zikivuka kiwango fulani, chache hujikusanya kwa shida kuwa kiini cha kuanzia, na baada ya hapo nyingine hufuata kwa haraka. Donald Caspar na Aaron Klug, walioiandika kanuni ya maganda haya mwaka 1962, waliufananisha mchakato huo na kuganda kwa fuwele, kama chumvi inavyojipanga yenyewe maji ya bahari yanapokauka.

Klug alizaliwa Lithuania, akalelewa Durban, Afrika Kusini, na baadaye alifanya kazi London pamoja na Rosalind Franklin, bingwa wa picha za mionzi aliyevichunguza virusi hadi kifo chake mwaka 1958. Swali lililowashughulisha Caspar na Klug lilikuwa la umbo: tofali moja linawezaje kufunga nyumba ya mviringo? Msaada waliupata kwa Mmarekani Buckminster Fuller, aliyekuwa akijenga makuba kwa vyuma vilivyounganishwa kwa pembe.

Mtu wa visiwani hana haja ya kwenda kwa Fuller. Na aende kwa msuka dema. Tazama macho ya dema: yana pande sita sita, pembesita baada ya pembesita. Ufumi wa pembesita tupu hulala bapa kama mkeka. Ukiwa kama bomba unaweza kuviringika, lakini kujifunga pande zote kama mpira hauwezi. Ili upinde na kujifunga, baadhi ya macho lazima yapungue upande mmoja, yawe pembetano. Yawe mangapi? Hesabu inayotokana na kazi ya Leonhard Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, inatoa jibu lisilobadilika. Pembesita ziwe ishirini au mia mbili, pembetano zinazohitajika ni kumi na mbili, hazizidi wala hazipungui. Anayetaka kuhakikisha na aushike mpira wa kandanda wa mtindo wa zamani, ahesabu viraka vyake vyeusi.

Maganda mengi ya virusi hufuata hesabu hiyo kwa ulinganifu kamili, protini 60, au 180, au 240. Ganda la kirusi cha ukimwi halikubali ulinganifu huo. Lina umbo la koni iliyoinama kidogo, pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na kwa muda mrefu wataalamu hawakujua limepangwaje. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa hata koni hiyo inatii sharti lilelile. Ina protini zipatazo 1,500 za aina moja, zilizojikusanya katika pembesita mia mbili na kitu, na pembetano kumi na mbili. Pembetano saba hukaa upande mpana na tano upande mwembamba. Mgawanyo huo wa saba na tano ndio unaolipa ganda sura ya koni.

Na ganda hilo hujengwa mara mbili. Kwanza, ndani ya seli iliyoambukizwa, protini ndefu zaidi ya elfu mbili hujipanga chini ya utando wa seli, zikausukuma nje hadi ukatoka kama tone. Kisha mkasi wa kirusi chenyewe, nao ni protini, huzikatakata. Ganda la kwanza huvunjika, na vipande vilivyokatwa hujipanga upya kuwa koni. Kabla ya mkasi kufanya kazi kirusi hakiwezi kuambukiza. Ndiyo maana dawa za kuuzuia mkasi huo, zilizoanza kuidhinishwa Marekani mwezi Desemba 1995, ziliokoa watu wengi. Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004. Kati ya tarehe hizo mbili kuna karibu miaka tisa, na makaburi mengi ya vibanjani ni ya miaka hiyo.

Ugunduzi mwingine ni wa juzijuzi. Kati ya 2016 na 2018 ilibainika kuwa ujenzi huo hutegemea molekuli ndogo yenye fosfeti sita, ambayo seli zetu hujitengenezea. Molekuli hiyo imejaa chaji hasi, hivyo hukaa katikati ya kila duara la protini sita, penye chaji chanya zinazosukumana, ikazituliza. Ndiyo hiyohiyo iliyojaa katika mbegu za mimea, yakiwamo maharage. Nilipoisoma habari hii niliyakumbuka maharage ya Kagoma, yaliyoota kivulini hatua chache kutoka makaburini. Sisemi kwamba maharage yana lawama. Kitu hicho kimo mwilini mwa kila mtu, ale maharage asile. Nasema tu kwamba kirusi hujengwa kwa vitu vya kawaida kabisa.

Sasa nije kwenye dawa iliyonitia katika safari hii. Inaitwa lenacapavir. Hujipenyeza katika ufa ulio baina ya protini moja ya ganda na jirani yake, ikashika kwa nguvu. Nilitarajia kusoma kuwa inalivunja fundo, kumbe inalikaza. Ganda lililozoea mishiko dhaifu, ya kushika na kuachia, huwa gumu kupita kiasi, likapasuka kabla ya wakati. Na protini mpya zinazotaka kujipanga hukaa kombo. Udhaifu ulikuwa siri ya ganda, na dawa imeligeuzia siri yake.

Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2024 lilifanyika Afrika Kusini na Uganda, miongoni mwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 ambao hawakuwa na virusi. Waliopewa sindano hiyo, mara mbili tu kwa mwaka, walikuwa 2,134. Aliyeambukizwa hakuwapo hata mmoja. Mwezi Juni 2025 Marekani iliiidhinisha kwa kinga, kwa bei iliyozidi dola 28,000 kwa mtu kwa mwaka. Mwezi Septemba 2025 yalitangazwa makubaliano ya kutengeneza nakala zake kwa nchi maskini na za kipato cha kati, kwa takriban dola 40 kwa mwaka, kuanzia 2027. Hapo sasa ndipo palipo na nia, na ndipo inapofaa kuuliza nani ana kosa. Ganda la kirusi halikuchagua bei yoyote. Bei huwekwa na watu, na miaka ya kungoja huhesabiwa na watu.

Msomaji anaweza kuniambia kuwa nimemwondolea mwanadamu dhamana yake. La. Mtu huchagua mwenendo, na uchaguzi una matokeo. Watu wa Bukoba waliobadili mienendo yao katika miaka ya tisini walilijua hilo kuliko mimi. Na mwenye imani atasema kuwa hata kanuni za maji na joto zina Mwenye kuziweka, nami sibishani naye. Ninalokataa ni lile nililolisema mimi mwenyewe kwa beti kumi na nane: kwamba ugonjwa unamjua anayemwingia. Nimekwisha kuziona sehemu zake zote, na hakuna inayoweza kujua. Kuna tofali linalosukumwa na maji, likashika au likaachia. Kwa tofali hilo, baba aliyesafiri, mama aliyengoja nyumbani na mtoto aliyenyonya ni maji yaleyale ya uvuguvugu.

Wahaya walikuwa na nyumba yao ya asili, msonge, iliyojengwa kwa fito zilizokunjwa na kufungwa, na kuezekwa kwa nyasi toka kileleni hadi chini. Mwenyeji wangu alinieleza namna ilivyojengwa, na nani alishika kazi gani. Ile ilikuwa nyumba yenye fundi, na fundi angeweza kuulizwa kwa nini mlango umekaa upande huu. Ganda la kirusi ni nyumba isiyo na fundi. Swali la mwalimu, kosa gani, halikuwa na jibu kwa sababu mimi ndiye niliyembuni mwenye fimbo, kisha nikamtia mkononi kosa la mtoto.

Mwalimu alifariki kabla sijaweza kumwandikia haya. Ninapoikusanya diwani yangu sasa, shairi lile sikulitia. Nilifikiri kulichoma, kisha nikaona si haki kuficha ushahidi. Limo katika bahasha pamoja na barua zake, na juu ya bahasha nimeandika mwaka, 1991, na jina la mahali nilipolisoma kwa mara ya mwisho.